Sura ya Nne: Mwanamke wa Mikono Mia Mbili

Saa nne na nusu asubuhi mpelelezi mstaafu, ambaye polisi wenzake walimbandika jina la Kobe kwa sababu ya mwendo wake, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki katika ofisi ya ghala la dawa. Miwani ilikuwa puani, daftari la mistari mapajani, na kichwa kilikuwa kinamzunguka kama mtu aliyeshuka kwenye bembea sasa hivi. Hii ilikuwa siku ya pili ya kutafuta katoni arobaini na mbili za insulini. Jana aliondoka akiwa haelewi kitu kimoja. Leo alikuwa haelewi vitatu.

Alifungua daftari akasoma aliyokwisha kuyaandika. Jumanne iliyopita katoni ziliingia, zikapokelewa, zikatiwa sahihi. Insulini huwekwa kwenye chumba cha baridi. Lakini kumbukumbu za mfumo mkuu wa kompyuta zilisema hizi hazikufika huko. Zilitoka mapokezi zikapelekwa moja kwa moja mlango wa tatu, ule wa kupakilia magari, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Aliyezipeleka, kwa mujibu wa mfumo, ni mtunza ghala, mama wa miaka hamsini na saba anayejulikana na wote kama Mama Funguo. Kwenye mlango wa tatu hapakuwa na katoni. Na mlinzi wa geti, ambaye angeweza kupekua hata kiberiti, aliapa kwamba hakuna gari lililotoka na insulini siku ile.

Basi zimeingia, hazikutoka, na hazimo.

Mwenye kampuni alikuwa amempa Kobe mpaka saa tisa alasiri ya leo. Saa tisa askari wangefika, na kama hakuna jibu lingine, Mama Funguo angeondoka nao.

"Mzee, unajichosha," alisema meneja, kijana wa tai nyembamba aliyekuwa akizungumza huku anaangalia saa. "Mfumo hauna shangazi wala mjomba. Hauonei mtu. Kila mfanyakazi ana jina lake na namba yake ya siri. Akiingia kwenye skana, kila anachokifanya kinaandikwa kwa jina lake. Imeandikwa ni yeye."

"Saa kumi na dakika ishirini alikuwa zahanati na mjukuu wake. Nimeiona kadi, imepigwa muhuri. Aliondoka hapa saa nane."

"Basi alimpa mwenzake namba ya siri. Hapo ni wizi, na kuna genge."

Kobe akakuna kidevu. Aliona neno genge limekuja mapema mno. "Nichapie kurasa za Jumanne. Zote za jina lake."

"Zote? Ni nyingi, mzee."

"Sina haraka. Si unajua wananiitaje?"

Kurasa zikaja, kumi na moja, maandishi madogo kama chawa. Kobe aliweka rula chini ya mstari wa kwanza akasoma. Akaisogeza. Akasoma. Meneja alipokea simu mbili, akatoka, akarudi, na rula ilikuwa bado ukurasa wa tano. Kisha Kobe akasimama hapo. Akarudisha rula juu, akaanza kuhesabu kwa ncha ya kalamu, midomo ikitembea.

"Meneja, huyu mama ana mikono mingapi?"

"Samahani?"

"Kuanzia hapa mpaka chini ya ukurasa wa tisa. Ni dakika moja hii, ile ile, saa kumi na dakika ishirini. Amehamisha mizigo mara mia mbili na saba. Ameweka dawa ya kikohozi rafu ya juu, ameshusha bandeji, amepeleka glukosi mlango wa kwanza, amepeleka insulini mlango wa tatu. Dakika moja, meneja."

"Mashine zina kasi, mzee."

"Mashine sawa. Na miguu?"

Meneja alizitazama zile karatasi kana kwamba zimemtukana. "Mwulize Waya," akasema.

* * *

Waya alikuwa fundi wa mitambo ya ghala, mwembamba, amejaa nyaya mifukoni, na alikaa kwenye chumba kidogo chenye kabati la kompyuta na feni mbili zilizokuwa zikipigana kelele.

"Nieleze skana inavyofanya kazi," Kobe akasema. "Nieleze kama unamweleza bibi yako."

"Bibi yangu anaelewa upesi, mzee."

"Basi nieleze kama unamweleza mtu mgumu zaidi ya bibi yako."

Waya akacheka, akachukua skana mezani. Ilikuwa kama simu kubwa iliyoota mpini wa bunduki. "Ukibonyeza hapa inatoa mwanga mwekundu. Unapiga lebo ya katoni, ile ya mistari. Inajua ni mzigo gani. Halafu unapiga lebo ya mahali, labda rafu ya tatu. Inajua umeuweka wapi. Inarusha habari hewani, kama redio. Ile antena kwenye dari inadaka, inaleta hapa."

"Na hapa mfumo mkuu unaandika."

"Bado. Skana ina lugha yake, na mfumo mkuu wa kampuni una lugha yake. Ule ni wa kina mhasibu na wakubwa, haujui mambo ya mwanga mwekundu. Ukiwaweka pamoja watatazamana tu kama mabubu. Ndiyo katikati nimeweka programu, mimi naiita Mkalimani. Skana inamwambia Mkalimani, Mkalimani anauambia mfumo. Mfumo unaandika, na saa unaiweka wenyewe, pale unapoambiwa."

Kobe aliandika, akapiga mstari chini ya maneno ya mwisho. "Na Mkalimani akiumwa?"

Waya akaugeukia ukuta, akaanza kuurekebisha waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Mwanangu, nimekuuliza."

"Haumwi, mzee, wala hajui kusema uongo. Anasinzia kidogo kidogo."

"Jumanne alisinzia?"

Kobe alisubiri. Kazi ya kusubiri alikuwa ameifanya miaka thelathini na mbili, na hakuna fundi aliyewahi kumshinda.

"Tangu saa tano asubuhi," Waya akasema hatimaye. "Sikujua. Nilikuwa jengo la pili. Nimerudi, nikamwamsha saa kumi na robo hivi."

"Muda wote huo watu walikuwa wanapiga skana?"

"Wanapiga, inalia kama kawaida. Inaweka tumboni, inasubiri."

"Halafu ulipomwamsha zikatapika zote kwa pamoja."

"Umelisema vibaya, mzee, lakini ndivyo."

"Na mfumo ukaandika saa ya matapishi, si saa ya mlo."

Waya akaitikia kwa kichwa, macho sakafuni. Kwa nini hakusema? Kwa sababu meneja alikwisha kumwambia kwamba Mkalimani akilala tena kazini, yeye Waya atakwenda kulala nyumbani kwa mkewe, moja kwa moja.

Kobe alitoka akiwa na furaha ya hatua kama sita. Hatua ya saba akasimama katikati ya ujia, mkono kiunoni. Kama saa kumi na dakika ishirini haikuwa saa ya kweli, basi insulini ilihamishwa wakati wowote tangu saa tano mpaka saa kumi. Na tangu saa tano mpaka saa nane Mama Funguo alikuwa hapa hapa ghalani. Kadi ya zahanati, kinga pekee aliyokuwa nayo yule mama, haikuwa tena na kazi. Alikwenda kumtafutia mwenzake dirisha, kumbe amempigilia misumari mlango.

"Kobe wewe," akajiambia kwa sauti, na mfungashaji mmoja aliyekuwa akipita akageuka kumtazama.

* * *

Mama Funguo alikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ameketi juu ya kreti lililopinduliwa. Mikono yake, ambayo hakuna aliyewahi kuiona imetulia, ilikuwa mapajani kama vitu vya kuazima.

"Kaka yangu, umekuja na sura ndefu," akasema. "Habari si nzuri."

"Habari siielewi, dada. Ingekuwa mbaya ningeielewa." Akavuta kreti jingine. "Kitendawili."

Yule mama akamtazama, kama aliyesikia mtu anaimba msibani. Kisha akajibu, kwa mazoea. "Tega."

"Yupo chumba cha baridi, yupo mapokezi, yupo mlango wa tatu. Na wakati huo huo ameketi zahanati kapakata mjukuu."

Mama Funguo akafikiri, kisha akacheka, cheko fupi la puani. "Huyo ni mjinga mmoja, nalala naye kila siku kitanda kimoja. Ni mimi."

"Nieleze, basi, mjinga anavyofanya."

Akaeleza. Skana zilikuwa tisa. Namba ya siri ya kila mtu lazima iwe na herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu, na alama isiyo na jina. Vitufe vyenyewe ni vidogo kama mbegu, na watu wa ghala wanavaa glavu nene. Mtu mmoja anatumia dakika nne kuingia. Akiiweka chini akanywe maji, inamfungia nje, aanze upya. Akikosea mara tatu, inamfunga mpaka Waya aje, na Waya yupo jengo la pili. Magari yanapiga honi, meneja anapiga kelele.

"Mimi vidole vyangu ni vyembamba, vimezoea. Nikaanza kuwafungulia. Mmoja, wawili. Sasa ni mwaka wa tatu. Kila asubuhi nafungua zote tisa kwa jina langu, nagawa kama uji. Nikiona imejifunga, naifungua. Kazi inakwenda."

"Meneja anajua?"

"Meneja anajua kwamba kazi inakwenda."

Kobe akageuza ukurasa. "Kwenye zile kurasa insulini ilipigwa na skana namba sita. Jumanne namba sita ilikuwa kwa nani?"

"Jina lililoandikwa ni langu."

"Sikuuliza jina, dada. Nimeuliza mkono."

"Nimesikia ulichouliza." Akanyoosha sketi yake magotini. "Nikikutajia tutakuwa wawili ndani. Mmoja anatosha. Mimi watoto wangu wamekua."

"Na mjukuu?"

Hapo macho yakamlegea kidogo, lakini mdomo haukufunguka. Kobe alijua mlango wa namna hiyo. Haugongwi mara ya pili.

Alikwenda kwenye meza ya kuchajia. Skana zilikuwa zimejipanga kila moja kwenye kiota chake, namba mgongoni. Ya kwanza ilikuwa na ufa. Ya nne ilinata gundi. Ya sita mpini wake ulikuwa umefungwa kitambaa laini cheupe chenye picha za bata, ili glavu isiteleze. Kobe alikinusa. Poda.

"Dada zangu," akawauliza wanawake watatu waliokuwa wakifunga maboksi jirani, "nani hapa amepata mtoto karibuni?"

Wakaangua kicheko. "Mtoto?" akasema mmoja. "Mzee, wawili! Kwa mpigo mmoja! Yule pale juu ya foklifti. Ukimkuta amelala usimwamshe, hajalala tangu mwezi uliopita."

* * *

Dereva wa foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, aliitwa Baba Pacha, na alikuwa mtu mkubwa mwenye macho mekundu. Alipoona skana yenye kitambaa cha bata mkononi mwa Kobe alizima injini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Jumanne ulibeba insulini?"

"Nilibeba." Hakujizungusha hata kidogo, mpaka Kobe akashtuka. "Kabla ya chakula cha mchana. Zote juu ya paleti moja ya mbao."

"Ukaipeleka mlango wa tatu."

"Niliipeleka chumba cha baridi."

"Ukapiga lebo ya mlango wa tatu."

"Nilipiga lebo ya rafu ya kumi na sita. Rafu za mbele zilikuwa zimejaa, nikaenda mwisho kabisa." Akajifuta uso kwa kiganja. "Ndivyo ninavyokumbuka. Ila mfumo unasema mlango wa tatu. Na watu wamehesabu chumba cha baridi mara tatu, hakuna kitu. Mimi silali, mzee. Juzi nimetia chumvi kwenye chai ya mke wangu. Nimeanza kujishuku. Labda kweli nilipeleka mlangoni, nikaota kwamba nimepeleka baridi. Mtu anaweza kuota amesimama?"

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Niseme nilitumia jina la Mama, halafu sikumbuki nilichofanya? Watatufunga wote, na wale watoto..." Akashika usukani. "Nilimwendea Mama, nikamwambia nitakwenda kusema. Akaniambia nikithubutu atanichapa."

Kobe aliitazama saa ya ukutani. Saa saba na nusu. Aliyekuwa mbele yake ama ni mwongo mzuri kuliko wote aliowahi kukutana nao, ama ni mtu mchovu anayesema kweli. Na kama anasema kweli, basi skana ilisoma rafu ikaandika mlango. Waya alikwisha kumhakikishia kwamba Mkalimani anaweza kulala, lakini hawezi kusema uongo. Kobe akahisi ile bembea imeanza tena.

"Nionyeshe," akasema. "Usinieleze. Fanya kama ulivyofanya Jumanne, ukiwa kimya."

Baba Pacha akapakia paleti ya maboksi matupu, akaendesha polepole ujia mrefu. Kobe akamfuata kwa miguu. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anakwenda kasi moja na mwenzake. Walipofika mlango mzito wa chumba cha baridi, dereva akasimama nje. Akapiga boksi, mlio. Kisha, bila kuingia, bila hata kugeuza shingo, akanyoosha mkono kushoto, mwanga mwekundu ukatua ukutani. Mlio.

"Simama hapo hapo!" Kobe alisema kwa sauti iliyomshangaza mwenyewe. "Umepiga nini?"

"Rafu ya kumi na sita."

"Rafu ya kumi na sita imo ndani, mwisho kabisa. Wewe uko nje. Umepiga nini?"

"Si huo ubao, mzee."

Ulikuwa ubao wa mbao, ukubwa wa meza ndogo, umening'inizwa kwa waya. Juu yake kulikuwa na lebo za mistari, zimebandikwa safu kwa safu, na chini ya kila moja namba imeandikwa kwa kalamu nene. Kobe alikuwa amepita mbele yake mara nne tangu jana akidhani ni tangazo la usalama.

"Ndani kuta ni za chuma, redio haipenyi," Baba Pacha akaeleza, kwa namna ya mtu anayeeleza kwamba maji yana unyevu. "Ukipiga skana ndani inazunguka, inazunguka, vidole vinaganda, mwisho inakufungia. Hapa nje mtandao ni mzuri. Kwa hiyo tulichapisha lebo za rafu zote, tukazibandika hapa. Unapiga hapa, halafu unaingia kuweka mzigo. Tukaona ni tamu, tukaongeza na lebo za milango."

"Nani alibuni?"

"Sote. Ni kitambo."

Kobe aliusogelea. Mlango wa baridi ulikuwa ukitoa mvuke kila ukifunguliwa, na ubao ulikuwa umelowa kwa jasho hilo. Lebo kadhaa zilikuwa zimejikunja pembe. Mbili zilikuwa zimeshikiliwa na plasta ya kidonda. Akapata namba kumi na sita, kalamu nene, maandishi mazuri. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaweka pua karibu na lebo yenyewe mpaka ikawa kama anataka kuibusu. Chini ya mistari kulikuwa na maandishi ya mashine, madogo mno.

"Soma wewe, macho yako ni ya kijana."

Baba Pacha akainama. Akasoma kimya. Akasoma tena. "Mlango sifuri tatu," akasema, taratibu sana.

"Na ya mlango wa tatu iko wapi hapa?"

Wakaitafuta. Kwenye safu ya chini, juu ya maneno mlango wa tatu, palikuwa na mraba mtupu wenye alama ya gundi kavu. Hakuna aliyeshtuka, kwa kuwa mlango wa tatu una lebo yake kubwa pale pale mlangoni, na watu wa magari huipiga ile.

"Zikidondoka nani anazirudisha?"

"Yeyote anayeikuta chini. Anaangalia palipo wazi, anabandika."

Ya kumi na sita ilidondoka, labda ikafagiliwa. Ya mlango wa tatu ikadondoka, mtu mwema akaiokota, akaona nafasi mbili wazi, akachagua ya juu. Ndiyo hivyo tu. Kobe alijikuta ameshika mkono wa yule dereva.

"Lakini mzee," Baba Pacha akasema, na sauti ilikuwa ya mtu anayeogopa kufurahi, "kama niliziweka mle ndani, mbona hawakuziona? Wamehesabu mara tatu."

"Walihesabu kwa kutumia nini?"

"Kwa skana."

"Skana inamwambia mtu nini?"

"Inasema nenda rafu ya kwanza, hesabu. Unahesabu, unaingiza. Nenda ya pili. Hivyo hivyo. Ikimaliza inaandika asante, unatoka. Mwenyewe hukai mle, baridi inauma mifupa."

"Inakupeleka na kwenye rafu tupu?"

"Tupu ya nini, mzee? Inakupeleka penye..." Akaugeukia mlango wa baridi.

Kwenye mfumo rafu ya kumi na sita haikuwa na kitu. Kwa hiyo mara tatu zote haikumtuma mtu huko. Na katika ghala lile hakuna aliyekwenda mahali asipotumwa na skana.

Kobe alivaa koti la kuazima lililomfika magotini. Ndani, pumzi yao ilitoka kama moshi. Walipita rafu ya tano, ya tisa, ya kumi na mbili, kisha pazia la plastiki nzito lililotenga upande wa feni. Baba Pacha alilivuta kwa mikono miwili.

Katoni zilikuwa zimepangwa juu ya paleti, nyeupe, zimetulia, bado zimefungwa utepe wa kiwandani. Kobe alizihesabu kwa kidole, akigusa kila moja. Alipofika arobaini na mbili akarudia, kwa sababu ndivyo alivyo. Baba Pacha alikuwa ameegemea rafu anacheka na kulia kwa wakati mmoja, na machozi yalikuwa baridi kabla hayajafika kidevuni.

* * *

Saa tisa kasoro dakika tano walikuwa watano mbele ya rafu ya kumi na sita: Kobe, Baba Pacha, Mama Funguo, meneja, na afande wa kike aliyekuja na karatasi yake ya kukamata mtu, amejikunyata ndani ya sare.

Meneja alipiga katoni ya kwanza kwa skana. Mle ndani ikazunguka, ikazunguka. Ikabidi katoni ibebwe mpaka nje ya mlango, ipigwe upya. Skana ikalia mlio mbaya. Meneja akasoma, akapiga tena.

"Inasema mzigo haupo," akasema.

"Haupo wapi?" afande akauliza.

"Haupo tu. Umeshapelekwa mlango wa tatu. Mfumo haukubali kwamba uko hapa."

Afande alivua glavu za kuazima, akaweka kiganja juu ya katoni, akakiacha hapo muda mrefu. "Meneja, hiki nilichokishika ni nini?"

"Katoni ya insulini."

"Na mfumo unasema?"

"Unasema... hakipo." Tai yake ilikuwa imepinda. "Sielewi. Kama mfumo unasema hakipo, mimi kwenye ripoti naandika nini?"

"Mimi nimekuja kumkamata mtu kwa kuiba kitu, na kitu kinanigandisha mkono," afande akasema. "Niandike nini, mzee?"

"Andika unachokigusa," Kobe akamjibu.

Afande akaikunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni. Akampa Mama Funguo mkono, akamwambia pole mama, akaondoka haraka kurudi kwenye jua.

Kisha honi ya gari la hospitali ikalia mlango wa tatu, mara mbili, na meneja akazinduka. "Haya, haya, kazi. Mama, samahani sana kwa yote. Tutazungumza. Zile skana zimejifunga wakati wa chakula, wafungulie watu, gari linasubiri insulini hii hii."

Mama Funguo alikwenda mezani pa kuchajia. Akachukua ya kwanza. Vidole vyake vilikimbia juu ya vitufe, na Kobe aliyesimama nyuma yake aliona jina la yule mama likiwaka kwenye kioo, kisha likizimika. Akachukua ya pili, jina likawaka, likazimika. Ya tatu. Ya nne.

"Mama, unafanya nini?" meneja akauliza. "Unazifunga?"

"Naondoka humo."

"Sasa kazi itaendaje?"

"Kila mtu aingie na jina alilopewa na wazazi wake." Ya tano ikazimika. "Ikichelewa, ichelewe. Mwite Waya asogeze redio, mtengeneze namba ya siri inayoingia kwenye kidole cha binadamu. Miaka mitatu nimekuwa watu tisa, meneja. Nimechoka."

Ya sita alimpa Baba Pacha mkononi. Honi ikalia tena, ndefu. Yule baba akavua glavu kwa meno, akaanza kubonyeza kwa dole gumba moja nene, ulimi umebanwa kati ya midomo. Ikamkataa. Akamtazama Mama Funguo. Mama Funguo alikuwa ameegemea meza, mikono amefumbata kifuani, hasogei.

"Ulisahau herufi kubwa," akamwambia. "Anza tena."

Akaanza tena. Meneja akatembea mpaka mlangoni, akarudi. Wafungashaji waliacha maboksi wakaja kusimama duara, na mmoja wao akaanza kumshangilia kila kitufe kama mtoto anayejifunza kutembea. Dakika nne zikapita, na nusu juu yake. Kisha skana ikatoa mlio mzuri, na kwenye kioo, kwa mara ya kwanza tangu ilipotolewa kwenye boksi, namba sita ikaandika jina kamili la Baba Pacha, yale majina matatu ya kwenye cheti.